Shilingi kwa ya Pili

Ting'. Kimya. Ting' tena.

Umeme ulikuwa umekatika tukiwa bado mezani, na giza lilikuwa lile la mtu kutiwa kidole jichoni asijue cha nani. Mama mkwe wangu alikuwa anapapasa kabatini akitafuta mshumaa, huku akiwalaani watu wa umeme na vizazi vyao kwa sauti ya upole kabisa, kama anaomba dua. Ile ting' ilitoka chini ya cherehani.

"Kifungo, unafanya nini huko?"

"Nawalaza."

"Unawalaza akina nani?"

"Mapacha. Huyu hataki kulala bila mwenzake."

Binti yangu tunamwita Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo mno, wa kukaa kiganjani, na kwa sababu mimi ni mshonaji, na kwa mshonaji kitu kidogo kinachoshikilia kila kitu ni kifungo. Chini ya meza ya cherehani, pale kwenye kikanyagio, ndipo nyumbani kwake. Ana mto wa vitambaa, ana kikombe chake cha plastiki, na sasa ana hao mapacha: sarafu mbili kuukuu, nyeusi, alizozifunika na kipande cha satini mpaka shingoni, kama sarafu zina shingo. Nikimwangalia moyo wangu hulainika. Halafu nakumbuka sarafu zilikotoka, unakauka.

Zilitoka kwa Lenzi.

Lenzi ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini siku aliyonunua lenzi ya sonara akaitundika shingoni kwa kamba ya kiatu, lile jina liliona aibu likaondoka lenyewe. Huivua akioga tu, na hilo la kuoga nasema kwa heshima ya familia. Kabla ya sarafu alikuwa mtaalamu wa sungura. Kabla ya sungura, mtaalamu wa sabuni ya maji. Sungura walikufa, sabuni iliwababua majirani mikono, yeye hakufa wala hakubabuka. Sasa ni mtaalamu wa makosa ya kiwandani kwenye sarafu za kale. Mimi naona yeye mwenyewe ndiye kosa la kiwandani, ila siwezi kulisema hilo kwa sauti, maana kiwanda ni mama mkwe wangu, na tunaishi kwake.

Somo la Lenzi nimelisikia mara nyingi mpaka naweza kulifundisha. Sarafu za zamani zina herufi ndogo chini ya mwaka, inayoonyesha zilipigwa kiwanda gani. Herufi hiyo fundi aliigonga kwa mkono kwenye muhuri wa chuma, na muhuri huo ndio uliopiga sarafu. Mkono wa fundi ukiteleza, anagonga tena juu ya pale pale, na herufi inabaki na kivuli chake. Wakusanyaji huhangaikia vivuli hivyo kama wachumba. Hapo ndipo somo la Lenzi linapoishia. Akifika hapo huinua kidole, huvuta pumzi, na kusema, "Adimu ni kitu kilicho kimoja. Kikiwa viwili, ni kokoto."

Kwa kanuni hiyo amejaza makokoto chumba kizima.

Wakati naweka mapazia mapya ya sebule ya mama, yalikuwa mepesi, upepo ukiyapeperusha hovyo. Mshonaji yeyote anajua dawa: unashona sarafu ndani ya pindo la chini, pazia linatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikamwomba shemeji sarafu zake mbovu. Alikuja na mfuko, akaumwaga sakafuni kwa madaha ya mtu anayegawa zaka. Kifungo akachutama akachagua mbili.

"Hizi zina H ya miguu mitatu," mtoto akasema.

Lenzi hata hakuinama. "Niliziona. Ya kwanza ilinipa moyo, nikakesha nayo. Nilipoona na ya pili ina mguu wa tatu, pale pale, nikajua ndivyo zilivyotengenezwa. Takataka. Chukua, Kifungo cha Nje, ni zako. Na usije ukanirudishia, chumba chenyewe kimejaa."

Kifungo cha Nje. Ndiyo mizaha yake. Nyingine nilizishona kwenye pindo, moja baada ya nyingine, wala sikuzitazama. Kitu chochote kilichotoka kwenye ule mfuko nilikiona kina harufu ya sabuni ya maji.

Basi usiku ule wa kiza mama alipata mshumaa, akauinamisha chini ya cherehani kumwangalia mjukuu wake.

"Hebu nione hao wagonjwa wako."

"Si wagonjwa, Bibi. Wamelala."

Mama akaisogeza ile satini kwa ncha ya kidole. "Ama! Wamefanana kama shilingi kwa ya pili." Akajisikia alivyosema, akacheka mpaka mshumaa ukayumba. "Mama Kifungo, umenisikia? Shilingi kwa ya pili, kumbe shilingi zenyewe!"

Tulicheka wote. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka kwa raha siku ile, kwa sababu mlango ulifunguliwa bila hodi na mwanga wa simu ukatupiga machoni.

"Mama! Yuko wapi mama? Leo nyumba hii imepona!"

"Ilikuwa inaumwa nini?" nikauliza.

"Umaskini, shemeji. Umaskini." Lenzi alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, kile kisicho na mgongo, akajizungusha kidogo kama mkurugenzi. Kifungo akavuta miguu yake ndani. "Mnamjua Kamishna?"

Tunamjua. Ni rafiki yake, mwanamume mnene mwenye miwani ya jua ya saa zote. Kamishna wa kamisheni gani, hakuna aliyewahi kujua, na watu wenye adabu hawaulizi.

"Kamishna ana sarafu. Nimeiona kwa lenzi hii hii. H yake ina kivuli upande wa kushoto, safi, kama imejiegemeza ukutani. Haipo kwenye kitabu chochote. Nimetafuta, nimeuliza, nimezungumza na watazamaji wangu wa mtandaoni..."

"Watazamaji wako ni mimi na mdogo wako," nikasema. "Na mdogo wako hutazama bila sauti."

"...haipo nyingine. Moja tu duniani, mama! Kamishna ni mtu wa watu, hataki fedha. Anataka kubadilishana. Mke wake anataka kujifunza kushona."

Mshumaa ulilia, ukatoa moshi kidogo. Mimi nilielewa kabla hajamaliza. Mama alielewa polepole, nikamwona anaelewa: mkono wake ulikwenda wenyewe juu ya mbao ya cherehani, ukakaa pale kama kwenye kichwa cha mtoto.

Kile cherehani ni chake, alishonea hapo sare za shule za mtaa mzima hadi macho yakakataa, ndipo akaniachia mimi. Mume wangu ni fundi wa lifti, yuko mji mwingine kwenye jengo ambalo kila mwezi linaongezwa ghorofa na kila mwezi wanachelewa kumlipa. Tunachokula kinatoka chini ya sindano ile. Ninachosomea jioni, yale madarasa yangu ya watu wazima, kinatoka hapo hapo. Nikifunga macho naona chumba chenye dirisha kubwa, vyerehani kadhaa, wasichana wanacheka huku wanashona, na mimi nakata. Lakini ndoto hiyo yote ina cherehani hiki kimoja katikati. Kikiondoka, kilichobaki ni dirisha.

"Kesho mchana anakuja na mkokoteni," Lenzi akasema. "Nimeshampa neno langu."

"Neno lako liko moja tu duniani?" nikauliza.

"Shemeji, haya si mambo ya pindo. Haya ni mambo ya utafiti. Nyinyi mnaosoma jioni, mwalimu mwenyewe anasinzia, mtajua nini?"

Mwalimu wetu kweli husinzia.

"Mama, sema basi," nikamwambia mama.

Mama alimtazama mwanawe. Si mjinga, mama mkwe wangu. Lakini huyu ndiye aliyemfanya aitwe mama kwa mara ya kwanza, na mzaliwa wa kwanza ana mlango wake moyoni mwa mzazi, hapigi hodi hata akija na mkokoteni. "Baba," akamwambia, "una hakika?"

"Mama, nina macho matatu."

"Unayo hapa hiyo sarafu?" nikauliza.

Alikuwa nayo. Kamishna alimwachia alale nayo, kama bwana harusi. Akaitoa ndani ya karatasi ya sigara, akanipa na lenzi kwa huruma kubwa, ili nishangae. Nikaisogeza karibu na mshumaa. Kweli, ile H ilikuwa na kitu ubavuni. Lakini kitu chenyewe kilikuwa kimelala. Bapa, kimepondwapondwa, kama udongo uliosukumwa na ukingo wa kiatu. Mguu haukuwa mguu. Ulikuwa mburuzo.

Na mimi mburuzo naujua. Kitambaa kikiteleza chini ya sindano, uzi unajipanga mara mbili, mtu asiyejua atasema umerudia mshono. Hujarudia. Umeteleza. Ukirudia mshono unaona nyuzi mbili zimesimama, kila moja na safari yake. Nikaigeuza ile sarafu huku na huku. Nilitaka kusema, lakini ningesema nini? Kwamba natambua sarafu kwa sababu natambua uzi? Angenichekea mpaka kesho, na kesho kulikuwa na mkokoteni.

"Nami nataka kuona ikipimwa," nikasema. "Pale nyuma ya duka la fotokopi kuna mama anauza sarafu za kale. Twende kwake asubuhi. Akisema ni kweli, mimi mwenyewe nitawasaidia kubeba cherehani."

"Yule? Yule anauza stempu!"

"Basi hatakushinda," mama akasema, na hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini nampenda. "Tutakwenda wote. Jambo la kweli haliogopi kutembezwa."

*

Duka lenyewe si duka, ni korido. Upande huu mashine za fotokopi zinanguruma na kutoa joto la karatasi, upande ule kuna pazia la shanga, na nyuma ya shanga kuna meza, taa yenye shingo ndefu, na mama mwenye duka. Mwanamke mkavu, mwenye kucha fupi na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama ana haraka. Mbele yake kulikuwa na trei zenye vishimo, kila kishimo na sarafu yake. Tulijazana pale: mama kwenye kiti pekee, mimi nyuma yake nikiwa nimemshika Kifungo mkono, Lenzi mbele kabisa, kifua kimetangulia.

Kifungo alikuwa amevaa shingoni kikoba kidogo nilichomshonea kwa mabaki ya satini, kinaning'inia kama lenzi ya baba yake mkubwa. Ndani yake ting', ting'. Hakuna aliyemjali.

"Shikamoo, mama," Lenzi akaanza. "Nimekuletea kitu ambacho mikono yako haijawahi kukishika."

"Marahaba. Mikono yangu imeshika mengi, na mengine imenawa," mama wa duka akasema. "Weka hapo."

Hakuweka. Alianza kuhutubia kwanza: muhuri, fundi, nyundo, utafiti, kitabu, kivuli cha kushoto. Mama wa duka alisubiri, huku anafuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa. Lenzi alipovuta pumzi, yule mama akainyakua sarafu mkononi mwake kama anavyonyang'anywa mtoto mkasi.

Hakuitazama moja kwa moja. Aliivuta taa hadi ikawa inamulika kwa ubavu, chini kabisa, akaizungusha sarafu polepole chini ya ule mwanga. Mara moja. Akairudisha mezani.

"Nani kakwambia hii ni herufi iliyogongwa mara mbili?"

"Macho yangu."

"Macho yako hayakupendi, baba." Akamgeuzia taa. "Tazama. Hiki unachoita kivuli kimelala, ni bapa, kama ngazi iliyokanyagwa. Muhuri ulikuwa umelegea kwenye mashine, ukatikisika ukiinuka, ukaburuza chuma kilichokwisha kupigwa. Ni mtikisiko. Herufi iliyogongwa mara mbili haiburuzwi. Inasimama. Ina mgongo wa mviringo kama mwenzake, na pale zinapoachana unaona ufa mwembamba. Hii ni ya kununulia peremende, na muuza peremende mwenyewe awe mzee wa kukumbuka fedha hii."

Nilimbana mama bega. Mama aliubana mkono wangu.

"Lakini haipo nyingine!" Lenzi akasema. Sauti ilipanda, watu wa fotokopi wakageuka. "Hii ni moja tu duniani! Nimetafuta kila mahali!"

Mama wa duka alimtazama kwa muda. Nimewahi kuona watu wakidharauliwa, na mimi mwenyewe nina kipaji hicho, sijifichi. Lakini dharau ya yule mama ilikuwa ya kazi, imenyooka, haikuwa na hata uzi uliochomoza. Nilijiona mwanafunzi.

"Sikia, baba. Umejihukumu mwenyewe na hujui. Fundi alikosea wapi? Kwenye sarafu?"

"Kwenye... kwenye muhuri."

"Na muhuri kazi yake nini?"

Lenzi akashika lenzi yake.

"Unapiga sarafu," mama wa duka akasema. "Mmoja unapiga maelfu. Kosa likiwa kwenye muhuri, watoto wote wanazaliwa na kovu lile lile, mahali pale pale. Kosa likiwa kwenye sarafu moja, hiyo ni ajali. Sasa unakuja kuniambia ipo moja tu duniani? Basi ni ajali! Alama ya kweli ina ndugu."

Patroni, nikasema moyoni. Ni patroni! Patroni, ile karatasi ya kukatia nguo, ikikatwa vibaya, magauni yote yanatoka na bega moja juu. Mkasi ukiteleza, ni gauni moja tu linaloharibika. Kwa nini sikuliona? Nililiona nusu nikaliacha, kwa kuwa lilitoka mdomoni mwa Lenzi.

"Mtu akiniletea moja, huwa nanyamaza," yule mama akaendelea, sasa anazungumza na mama mkwe, kama wanawake wawili wanaosemezana juu ya mtoto wa mtu. "Lakini mtu akiniletea mbili, H imesimama na mguu wa ziada, huu na huu, zimefanana kama shilingi kwa ya pili, mama yangu, nafunga duka hili nampikia chai kwa mkono wangu."

Mama mkwe aligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimeshamtazama yeye. Shanga za pazia zilikuwa zinacheza kidogo kwa upepo wa feni, na chini, usawa wa paja langu, kikoba kikalia ting'.

Lenzi hakukisikia. Lenzi alikuwa anabadilika rangi. Nilimwona akirudi nyuma kimawazo, chumbani kwake, kwenye mfuko, sakafuni, na miguu mitatu, na miguu mingine mitatu. Kisha akanigeukia na tabasamu ambalo tangu niolewe sikuwahi kupewa.

"Shemeji yangu mpenzi. Yale mapazia... ulishayashona?"

"Nilishayashona, shemeji."

"Na zile sarafu ulizitia zote?"

"Kwani pindo linachagua?"

Hakuaga. Shanga zilimpiga usoni akitoka. Mama wa duka akaziangalia hadi zilipotulia, akasema, "Huyo ni wenu?"

"Ni wangu," mama mkwe akasema. "Wa kwanza. Mkono ulikuwa bado haujazoea."

*

Tulipofika nyumbani mkokoteni ulikuwa umeegeshwa mlangoni na Kamishna amekalia ukingo wake, miwani ya jua usoni, kamba begani. Ndani kulikuwa na sauti ya kitambaa kinachoraruka. Mshonaji huijua sauti hiyo hata usingizini. Nilitaka kukimbia, mama akanishika kanga.

"Mwache. Pazia litashonwa. Cherehani si kipo?"

Alilisema hivyo tu, bila kupunguza mwendo, na mimi nilisimama pale mlangoni nikiwa na macho yaliyojaa maji kama mjinga. Cherehani kipo. Kwa mama mkwe wangu, hiyo ilikuwa hukumu yote.

Kisha akamfungulia mkono Kamishna, ile sarafu aliyoiokota kwenye meza ya duka imelala kiganjani. "Baba, chukua mali yako. Iko moja tu duniani, isije ikapotea ikiwa kwangu."

"Lakini tulikubaliana na mwanao..."

"Basi mbebe mwanangu. Mkokoteni si unao? Mke wako amfundishe kushona."

Kamishna aliivuta miwani chini kidogo, kwa mara ya kwanza tukaona ana macho, tena ya kawaida. Akaingiza sarafu mfukoni. Mkokoteni ulikwenda ukilia gurudumu moja.

Sebuleni Lenzi alikuwa amepiga magoti katikati ya mapazia. Yote mawili alikuwa ameyashusha, fimbo na pete zake, na pindo nilizozishona kwa mkono, mishono midogo ya kufichwa ambayo hata mimi huitafuta kwa ukucha, alikuwa anazipasua kwa kisu cha jikoni. Sarafu zilitapakaa sakafuni. Anaokota moja, anaitia jichoni na lenzi, anatupa. Anaokota nyingine, anatupa. Kamba ya kiatu imemzunguka sikio. Mwanga wa mchana uliingia wote kwenye sebule isiyo na mapazia ukamwangukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona vizuri, bila lenzi. Nilijaribu kumwonea huruma. Nilijaribu kweli, mwalimu wa dini angeniona angenipa alama. Ilishindikana.

"Haimo," alikuwa anajisemea. "Haimo. Haimo. Miguu miwili. Miwili. Haimo."

"Unatafuta nini, baba?" mama akamuuliza kwa upole, kama hajui.

"Mama, zilikuwepo. Nilizishika! Mbili! Nilikuwa nazo mbili!"

"Kumbe zilikuwa mbili. Si ulisema kikiwa viwili ni kokoto?"

Aliinua kichwa kunitazama, jicho moja kubwa nyuma ya kioo, jingine dogo na jekundu. "Shemeji, niambie kweli. Umeziweka wapi? Mimi ndugu yako. Watoto wetu ni wamoja. Nikipata hizo, dirisha lako hilo unaloliimba kila siku, nitakujengea mimi."

Dirisha langu! Sikujua kwamba alikuwa anasikia. Na nikiri, kwa sekunde moja neno lile liliingia. Kisha nikakumbuka sungura.

"Mimi sina kitu chako, shemeji," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

Mama aliketi, akavua viatu, akaviweka sawasawa ubavuni mwa kiti, jozi kama jozi. Mimi nilianza kukusanya vitambaa vilivyoraruka. Nyumba ikatulia. Na katika utulivu ule, chini ya cherehani, pale kwenye kikanyagio, ikaja.

Ting'.

Lenzi aliganda. Aliigeuza shingo polepole, kama mtu aliyesikia panya kwenye unga.

Ting'.

Alitambaa. Mtu mzima, mwenye ndevu, alikwenda kwa magoti na viganja kwenye sakafu iliyojaa sarafu, mpaka kwenye meza ya cherehani, akainama akachungulia. Mimi nilikuwa nimeshasogea, mkono wangu uko juu ya mbao, tayari. Mama aliniangalia akatikisa kichwa: ngoja.

Kule chini Kifungo alikuwa amewatoa mapacha kwenye kikoba, amewalaza kwenye satini, ubavu kwa ubavu, nyuso juu. Mwanga wa dirisha lililokuwa uchi uliingia kwa chini, kwa ubavu kabisa, kama ile taa ya yule mama, na hata mimi, nilipoinama, niliuona mguu wa tatu, umesimama, mviringo, ukitupa kivuli chembamba. Na pembeni yake wa mwenzake, vile vile, pale pale. Vizuri kuliko kitu chochote nilichokiona siku nyingi. Nilitaka nimkumbatie mwanangu hapo hapo.

"Kifungo," Lenzi akasema. Sauti ilikuwa asali iliyochanganywa na maji. "Kifungo mwanangu. Kipenzi cha baba mkubwa. Nionyeshe hao mapacha wako. Eeh? Wape baba mkubwa kidogo tu, awaangalie, atakurudishia."

Kifungo aliwatazama mapacha. Akamtazama yeye, akaitazama na ile lenzi iliyokuwa inaning'inia na kugonga sakafu. Akaivuta satini, akawafunika mpaka shingoni.

"Baba mkubwa, ulisema nisikurudishie."